Njia ya Kigwa na Mizinga Isiyo na Nyuki

Apolinaria hakuwa na ofisi, hakuwa na bango barabarani, wala hakuwa na gari lililochorwa twiga ubavuni. Alikuwa na viatu vya ngozi, kofia ya ukili, cheti cha kidato cha nne, na njia. Njia hiyo ilianzia kituo cha reli cha Kigwa, ikakata mashamba ya karanga na tumbaku, ikaingia katika msitu wa miombo na kutokea upande wa Tabora, kule kule ilikoelekea misafara ya zamani. Wageni wake waliteremka Kigwa kutoka kwenye treni, na siku ya tatu waliingia mjini kwa miguu, vumbi likiwa limewafika kwenye nyusi.

Alikuwa na sharti moja lisilojadiliwa: kila mgeni hubeba mzigo wake mwenyewe. Awe daktari, awe tajiri, awe mstaafu mwenye magoti mabovu, begi ni lake na mgongo ni wake. Asiyeweza, apunguze vitu. Vijana wa Kigwa walipojitokeza kituoni kutaka kupokea mabegi, aliwarudisha nyumbani bila aibu.

"Wanyamwezi wameshabeba vya kutosha," aliwaambia.

Hakusema hivyo kwa kuionea haya kazi ya mababu. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi aliyekwenda pwani na kurudi kwa mapatano yake mwenyewe, akiijua kazi na thamani yake, na Apolinaria alikasirika kila alipomsikia mtu akimchanganya mpagazi wa namna hiyo na mtumwa. Alikasirika zaidi kwamba mtalii aliyefika Tabora alipelekwa kuonyeshwa nyumba alimolala Mzungu mpita njia, na hakuonyeshwa hata jiwe moja walipopikia watu waliombebea Mzungu huyo kitanda chake na beseni lake la kuogea. Akaona kuwa kama njia ile itatembelewa tena na wageni, basi safari hii wageni watembee kama watu wengine. Watalala katika nyumba za wenyeji, si katika mahema yaliyowekewa uzio. Watakula kilichopo: ugali, mlenda, michembe ya viazi vitamu, karanga. Chupa ya plastiki iliyoingia msituni itatoka na aliyeingia nayo. Na atakayetaka kumpiga mtu picha ataomba kwanza, akinyimwa atashukuru.

Kazi hii ilimlisha, ikazilisha na nyumba kadhaa za Kigwa zilizopokea wageni. Hata hivyo ilikuwa na udhaifu mmoja ambao Apolinaria aliujua na kuunyamazia. Karibu wageni wote waliletwa na kampuni moja ya Dar es Salaam, na aliyewaleta kwa niaba ya kampuni hiyo alikuwa mtu mmoja, Majidi.

Majidi alikuwa Mzaramo, na kwa hiyo alikuwa mtani. Wanyamwezi na Wazaramo walitaniana tangu enzi za misafara, walipokutana njiani, wakala pamoja na kuzikana. Mtani hukutukana mbele ya watoto wako, huchukua kofia yako kichwani na kuondoka nayo, nawe huna ruhusa ya kununa, kwa maana kununa ndiko aibu. Apolinaria na Majidi hawakuwahi kuanza mazungumzo kwa namna nyingine.

"We mbeba mizigo, hujafa bado?" Majidi alimwita siku moja kituoni Kigwa, mvua za kwanza zikinyemelea.

"Nife, nani atakufundisha kuoga? Umeuza shamba la baba yako ukachezea ngoma, sasa umekuja kuuza na la kwetu?"

"Hilo hilo! Nimekuja kuuza." Majidi akaketi juu ya gunia la karanga la mtu. "Sikiliza, Mnyamwezi. Wageni wanataka kumbukumbu. Ule mzinga wa gome la mti wakiuona wanachanganyikiwa. Hauna plastiki, hauna rangi ya dukani, kitu cha asili kabisa. Mjomba wako mfuga nyuki atutengenezee midogo midogo, ya kuingia kwenye begi la ndege. Kila mgeni aondoke na wake."

"Thubutu! Bandua mti wangu hata mmoja uone. Nitakubandua wewe ngozi ya mgongo, nifugie nyuki humo."

Majidi alicheka hadi akashika nguzo ya kituo. "Nyuki gani atakaa kwenye ngozi ya Mzaramo? Si atalewa!"

"Alewe, afe, nikushitaki kwa Bwana Misitu."

"Haya, mama mwenye msitu. Nimekusikia."

Wakaagana wakicheka. Apolinaria aliondoka akiamini amekataa, tena amekataa waziwazi. Majidi aliondoka akiamini ametaniwa kama siku zote, na kwamba mtu mwenye pingamizi la kweli angesema yale maneno ambayo kila mtani anayajua na huyasema uso ukiwa umebadilika: sasa tuache utani. Apolinaria hakuyasema. Kosa hilo lisingeweza kufanywa na mtu asiye na watani, wala Apolinaria asingelifanya kwa mtu asiyekuwa mtani wake.

Mvua zikaja. Wakati wa mvua wageni hawatembei, na mwaka ule dada yake Apolinaria, Magreth, alivunjika mguu akalazwa hospitali ya Kitete. Apolinaria, aliyepanga chumba Mtendeni, mjini Tabora, alishinda akienda na uji na kurudi na vyombo, na mambo ya Kigwa aliyasikia kwa simu tu. Mvua zilipokatika, siku mbili kabla ya kikundi cha kwanza cha wageni kuwasili, alikwenda kuikagua njia.

Aliiona miti kabla hajaielewa. Ilikuwa miombo michanga, minene kama paja la mtu mzima, na kila mmoja ulikuwa uchi kuanzia magotini hadi kifuani. Gome lilikuwa limetolewa lote kwa mzunguko, bila ufa, kama mtu anavyovuliwa soksi. Mti mtupu uliobaki ulikuwa umeanza kukauka na kuingia wekundu. Juu, majani yalining'inia. Pande zote mbili za njia palikuwa hivyo, hadi kwenye kona ya kijito, mahali ambapo wageni walizoea kupumzika kwa kuwa palikuwa na kivuli.

Mti uliotolewa gome kwa mzunguko hauponi. Wafuga nyuki wa Unyamwezi wanalijua hilo tangu zamani, na walilivumilia kwa kuwa mfugaji alibandua miti michache tu, akachagua mikubwa, na mzinga wake ukamtumikia kwa misimu mingi. Miti hii haikuwa mikubwa, na haikuwa michache.

Mjomba wake, Bernardo, mfugaji nyuki aliyewauzia wageni asali miaka yote hiyo, alikuwa nyuma ya nyumba akishona mfuniko wa nyasi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwipwa. Magreth anaendeleaje?"

"Anakanyaga chini sasa, kwa gongo. Mjomba, nimepita njiani."

"Umeiona kazi?" Bernardo akamwonyesha upenuni. Mizinga midogo ilikuwa imepangwa kama mikate, imeshonwa kwa vijiti, imefunikwa pande zote mbili, safi na mizuri mno. "Vidole vimeniuma mvua nzima. Mtani wako aliagiza, akasema mmeelewana."

"Alisema hivyo?"

"Alisema, nimezungumza na mwipwa wako, tumecheka sana."

"Kucheka ndiko kukubali?"

"Sasa mtu anayekataa anacheka?"

Apolinaria akachukua mzinga mmoja, akaondoa mfuniko, akaingiza mkono. Vidole viligonga mwisho kabla kiwiko hakijaingia. "Nyuki watakaa humu?"

"Humu? Labda mchwa. Hilo ni pambo, mayu, nyuki wa nini?"

"Umeua msitu kwa pambo, mjomba."

Bernardo aliweka sindano chini. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, naye hakuipandisha. "Mabani ya kukaushia tumbaku yanakula malori ya kuni kila msimu. Sijakuona ukisimama juu ya kisiki kumhutubia mwenye bani hata mmoja. Mimi nimebandua vijiti vyangu hivi, umenijia na macho mekundu. Unaniweza kwa kuwa ni mjomba wako."

Apolinaria hakuwa na jibu, na hakujisingizia kuwa nalo. Aliaga, akaenda kusimama karibu na reli, mtandao unapopatikana, akampigia Majidi.

"Mbeba mizigo! Tumeshapanda treni, pika."

"Majidi, sitanii. Nani alikuruhusu kuagiza mizinga?"

"Si wewe? Tulizungumza kituoni."

"Nilikwambia nitakubandua ngozi."

"Ndiyo, tukacheka."

"Nilikuwa nakataa, Majidi."

Sauti ya Majidi ikageuka kuwa ya ofisini. "Basi, dada, ungekataa kama watu wanavyokataa. Mimi ningejuaje? Sasa imeshaandikwa kwenye ratiba, wageni wameahidiwa. Nakuomba kitu kimoja. Wapitishe kandokando ya reli, msituni usiwaingize. Wakishapanda ndege tutakaa tuzungumze."

"Na nikiwaingiza?"

"Kampuni haitakuletea tena mtu, na mimi sitaweza kukutetea. Wanalipa kuja kufurahi. Hawalipi ili wasutwe."

Njia ya kandokando ya reli ilikuwapo, nyoofu na rahisi. Kama angeifuata, nyumba za Kigwa zingepokea wageni msimu ule na msimu uliofuata, yeye angeendelea kulipia chumba cha Mtendeni na dawa za Magreth, na msimu wa mvua Majidi angeagiza mizinga mingine kwa sababu ya kwanza ilipendwa. Apolinaria aliyapima hayo yote. Alijua pia ni kitu gani kingebaki cha kuwaonyesha wageni baada ya misimu michache: visiki, na hotuba yake juu ya wapagazi. Asubuhi ya siku ya wageni alirudi kwa Bernardo.

"Mjomba, nitawapitisha msituni."

"Ukinitaja jina mbele yao, usinisalimie tena."

"Sitakutaja."

Wageni waliteremka, wakapokewa kwa karanga za kuchemsha, na Majidi akawagawia mizinga kwa maneno matamu juu ya mila na mazingira. Kila mmoja alifunga wake juu ya begi. Sharti lilikuwa lile lile, kila mtu na mzigo wake, nao wakaianza njia huku mizinga ikigongagonga migongoni.

Miongoni mwao alikuwamo bibi mmoja wa umri wa kustaafu, Bi Gulshan, aliyezaliwa Tabora mjini katika nyumba ya muuza vitambaa, akahamia Ulaya na wazazi wake angali msichana. Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora ya zamani, kimekaa kama nguo iliyohifadhiwa kabatini: hakina doa, kina mikunjo. Alitembea karibu na Apolinaria na kumuuliza majina ya kila kitu.

"Na hii miti imekuwaje, mama?" aliuliza walipoifikia. "Ina ugonjwa?"

Apolinaria akasimama. Akangoja wote wafike. Kisha akawaeleza kwa Kiingereza, polepole, gome hutolewaje na mti hufaje. Akasema, "Tumeibandua sisi, kwa ajili yenu."

Kijana mmoja wa kigeni alishusha begi lake. Mwingine aligeuka kumtazama Majidi, na Majidi akapiga makofi mawili ya kuchangamsha kundi.

"Msimsikilize huyu," alisema akicheka. "Ni mtani wangu, Wanyamwezi wanapenda kulia kabla ya msiba—"

"Majidi," Apolinaria alisema, "tuache utani."

Majidi akatazama viatu vyake. Bi Gulshan alikuwa ameufungua mzinga wake kutoka kwenye begi. Aliupeleka kwenye mti uliokuwa mbele yake, akaulinganisha na sehemu iliyo uchi. Unene ulilingana.

"Mimi nimeshalipa," alisema, na sauti yake haikuwa ya toba, ilikuwa ya ubishi. "Na mti umeshakufa. Nikiuacha huu mzinga hapa, mti utafufuka?"

"Hautafufuka."

"Basi unanisuta kwa faida gani? Nilikwambia ukate mti? Niliambiwa ni kitu cha asili, nikafurahi. Nimevuka nchi ngapi nikiogopa hata kununua maji ya chupa, nije nisimamishwe porini kama mwizi wa kuku?"

"Hukuiba, bibi. Ila ukirudi nao utauweka sebuleni. Jirani atauona, atasema ni mzuri, nao ni mzuri kweli. Naye akija huku atautaka wake. Mti huu umekufa kwa ajili yako, kwa ajili ya huyo utauawa mwingine."

"Na fundi? Aliyeshona hivi vijiti, ale nini?"

"Anafuga nyuki. Asali yake mtu anaweza kuichukua kila mwaka, na mti ukabaki umesimama."

Bi Gulshan aliwatafsiria wenzake, na kwa uaminifu aliwatafsiria hata maneno yake mwenyewe yaliyomwendea vibaya. Pakawa na mabishano. Mmoja alisema anaona haya, mwingine alisema kuona haya hakuoteshi gome. Mwanamume mmoja mnene alikaza kamba ya mzinga wake na kusema kuwa yeye hakuja likizo kuhukumiwa.

"Nifanye nini nao, basi?" Bi Gulshan aliuliza.

"Sijui," Apolinaria alijibu. "Kweli sijui. Ubebe mpaka mjini, utaamua wewe."

Wakaendelea. Walipofika Mtendeni, karibu wote waliiacha mizinga barazani kwa Apolinaria. Yule mwanamume mnene aliondoka na wake, akaokota na mwingine ulioachwa. Majidi aliagana na Apolinaria kwa kumpa mkono, akamwambia, "Ubaki salama, dada," kwa adabu ambayo haikuwahi kuwapo baina yao, na hakumtukana hata kidogo. Apolinaria alielewa maana yake kabla ya kampuni kumwandikia. Kampuni ilisitisha matembezi ya Kigwa, ikafuta na oda ya mizinga ya msimu uliofuata, kwa sababu baadhi ya wageni walilalamika juu ya Apolinaria na baadhi walilalamika juu ya mizinga.

Kwa hiyo msitu ulipumua, na Apolinaria akakosa riziki. Msimu wa kiangazi ukapita na wageni wa kuhesabika, watu waliomtafuta wenyewe kwa simu, wawili leo, mmoja mwezi ujao. Kigwa watu walimsalimia kwa mkato. Nyumba zilizokuwa zikipokea wageni ziliona vitanda vimekaa bure, na wenye nyumba hawakumlaumu Majidi, aliyekuwa mbali. Walimlaumu yeye, aliyekuwa karibu, aliyezaliwa pale na kusomeshwa kidogo zaidi yao, akafanya ukaidi kwa gharama yao. Lawama hiyo ilikuwa na haki ndani yake. Mtu anayesimamia jambo la haki huwalipisha na wasioulizwa, na ni uongo kusema vinginevyo.

Mkutano wa kijiji ulipoitwa, alikwenda akiwa amejiandaa kuzomewa. Ajenda ilikuwa wageni: warudishwe vipi, na nani awaongoze. Mwenyekiti, mkulima mkubwa wa tumbaku, alifungua kwa kusema kwamba kijiji kimepata hasara kutokana na maneno ya mtu mmoja.

"Maneno gani?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Aliwaambia wageni kuwa tumeharibu msitu."

"Alimtaja aliyeharibu?"

"Hakumtaja."

Bernardo alisimama. Tangu siku ile ya wageni hakuwa ameongea na mwipwa wake zaidi ya marahaba. "Mimi ndiye," alisema. "Nilibandua mimi. Hakunitaja, najitaja mwenyewe, maana mnajifanya hamjui. Nimekwenda juzi kuitazama ile miti. Imekufa yote. Mwaka huu nyuki wangu wa upande ule wamehama, hakuna maua. Nimejipiga mwenyewe. Nakubali iandikwe: mgeni asiondoke Kigwa na kitu kilichotolewa kwenye mti mzima, na mwenyeji asimtengenezee."

Watu waliguna, wengi wao kwa kukubali. Mwenyekiti akaona mwanya. "Vizuri sana, mzee. Basi na iandikwe, tufunge."

"Bado," Bernardo akasema. "Iandikwe na ya pili. Vijiti vyangu vingejaza mkokoteni mmoja. Mabani yanajaza malori. Kama mti ni mti kwa mgeni, ni mti na kwa tumbaku. Kila mwenye bani aonyeshe alipopanda miti ya kuni, asiyekuwa nayo asiwashe moto. Na waanzie waliokaa meza ya mbele."

Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa kuliko za kikao chochote ambacho Apolinaria aliwahi kuhudhuria. Mwenyekiti aligonga meza, akasema hilo halikuwamo kwenye ajenda, akasema tumbaku ndiyo inayosomesha watoto, akasema kikao kimeahirishwa hadi kitakapotangazwa tena. Bernardo hakuketi. Wenye mabani walianza kuinuka na kukusanya viti vyao, na mtu mmoja alimpigia Apolinaria kelele kwamba sasa ameona alichokianzisha.

Apolinaria alikuwa ameona. Jibu ambalo hakuwa nalo upenuni kwa mjomba lilikuwa limesemwa mbele ya wote, na hakulisema yeye. Alijua pia kwamba nyumba mbili kati ya zile zilizompokelea wageni zilikuwa za wenye mabani, na kwamba baada ya leo asingekaribishwa humo hata kwa maji ya kunywa.

"Mwenyekiti," alisema, na mkono wake ulikuwa juu tayari, "mimi ni mwanakijiji wa hapa. Naunga mkono hoja ya pili, na ninaomba ipigiwe kura kabla mtu yeyote hajatoka."

Bernardo alisogea kwenye benchi, akampisha nafasi.